Mtego wa Mama Ukame

Ngazi za jengo lile zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mimi na begi langu hatukuweza kupanda pamoja. Nililitanguliza, nikawa nalisukuma kwa goti. Basi la masafa marefu lilikuwa limenishusha upande wa mji ambao sikuukusudia, na konda aliponiona nimeduwaa alisema, "Mji ni huohuo, bosi, umeingilia mlango wa uani." Nikauliza chumba kwenye duka la kwanza, nikaelekezwa la pili. Huko mwanamume mwenye flashi za kompyuta zilizoning'inia shingoni kama shanga akanyoosha kidole juu. Ghorofa ya mwisho, akasema, umuulize shangazi.

"Shangazi wa nani?"

"Wa Mama Ukame. Lakini ukifika usimwite hivyo. Mwite ukishashuka."

Shangazi alikuwa mwanamke mnene, kanga mbili, miwani imefungwa kwa uzi. Aliniangalia, akaliangalia begi, akaamua begi ndilo lenye adabu zaidi.

"Chumba kipo, ila bado kina mtu. Anahama leo. Ukiwa na haraka, msaidie kubeba."

Nimelala katika vyumba vingi vilivyotoka kuhamwa, katika miji ambayo lugha zake nimezijua na ambayo sikuzijua, na vyote hunuka kitu kimoja, vumbi la nyuma ya kabati. Hiki kilikuwa na jambo lake. Ukuta mmoja ulikuwa umegongelewa trei za mayai kuanzia sakafuni hadi darini, na katikati ya chumba, mbali na bomba lolote, palikuwa na hodhi la kuogea, lile refu la kulala mtu, limejaa nguo zilizokunjwa. Mwanamke mwembamba, mtu mzima, alikuwa anazungusha waya kwenye kiwiko chake kama anayekunja uzi wa kufumia.

"Karibu," alisema. "Hodhi linabaki. Kuliingiza tulibomoa mlango, na mwenye mlango hataki kubomolewa tena."

"Sitaki," shangazi alijibu kutoka ukumbini.

Nikauliza lilikuwa la kazi gani. La kurekodia maji, akasema, na trei ni za kuzuia mwangwi. Maji yakitiririka, yakidondoka, yakigonga bati. "Mimi ni mtengenezaji wa michezo ya kompyuta. Nilitengeneza mmoja." Alilisema hilo kwa sauti ileile aliyolisemea hodhi.

Nilimshikia maboksi naye akayafunga kwa utepe wa gundi. Sikumuuliza mengi. Kuna watu ukiwauliza wanafunga mdomo, ukinyamaza nao wanaona haya, wanasema. Huyu hakuwa wa kundi lolote. Alizungumza kama redio iliyoachwa wazi katika chumba cha mtu mwingine.

Baba yake alikuwa mfungua maji. Idara ya maji ilimpa ufunguo wa chuma mrefu kama binti yake, na kila alfajiri walipanda kilimani wawili, yeye na mtoto, kufungulia mtaa huu na kufungia ule. Zamu ilipangwa ofisini, lakini matusi yalipangiwa njiani. "Maji yakitoka ni Mungu," alisema. "Yasipotoka ni baba." Kulikuwa na mzee wa nyumba ya chini kabisa, mwisho wa bomba, ambaye maji yalimfikia yakiwa yamechoka. Huyo alimtukana baba yake kila siku iliyomkutanisha naye, akimtaja hadi babu. Baba aliitikia, "Marahaba," na kupita.

Mchezo wake ulikuwa huo. Unakuwa mwanamke aliyeko kwenye chemchemi, na chini yako kuna bustani zinazoshuka mlima ngazi kwa ngazi. Kila bustani ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana shida yake, uongo wake na haki yake. Unafungulia huku, unafungia kule, unasikiliza, unakosea, mchicha wa mtu unakauka. Kazi ni kuyafikisha maji kwenye bustani ya mwisho, ya mtu aliyekutukana tangu mwanzo. Aliutengeneza kwa miaka, mchana akiwa ameajiriwa kwenye ofisi ya uchapaji, pamoja na mwanamume mmoja aliyeacha kazi ya redio ili amrekodie maji. Mtaani walimwita Sauti. Hodhi lilikuwa lake.

"Yuko wapi siku hizi?"

"Anarekodi matangazo ya dawa ya meno. Anasema meno yana pesa kuliko maji."

Walijua wangeibiwa. Katika kazi yao, alinieleza, ni kama kujua kwamba nguo ikianikwa itakauka. Mchezo ukitoka leo mtandaoni kwa bei yake, kuna watu mahali fulani kazi yao ni kuuvunja, na kesho utasambaa bure. Kwa hiyo waliweka mtego. Mtu akiucheza kwenye kompyuta ambayo mchezo haukununuliwa, mwanzo unakwenda vizuri kabisa, mpaka bustani ya tatu. Hapo maji yanaanza kupungua, kidogo kidogo, kama mwaka mbaya. Afungue asifungue, yanapungua. Mwisho bustani zote zinakuwa za kahawia na hakuna njia ya kuendelea.

"Hatukuweka maandishi yoyote. Hatukusema 'umeiba'. Tuliona ni uungwana zaidi, atajua mwenyewe. Tulicheka siku ile mpaka Sauti akaanguka ndani ya hodhi."

Hakuna aliyejua mwenyewe. Mtu aliyepata mchezo bure hakudhani amenaswa, alidhani mchezo ni mbovu, na akawaambia wenzake. Maneno yakazunguka mitaani na mitandaoni kuliko mchezo wenyewe: usipoteze hela zako, lile gemu linakauka. Walionuia kununua wakaacha. Ofisi moja ya nje iliyotaka kuutangaza ikanyamaza, na baadaye mtu wao mmoja akamnong'oneza kwamba waliujaribu na ukawaishia katikati. Hawakuwa wamenunua hata wao. Vijana wa chini wakampa jina. Akipita wanauliza, "Mama Ukame, leo kuna mgao?"

"Na wewe unawajibu nini?"

"Marahaba."

Barua za malalamiko zilimjia kila siku. Hizo, alisema, hazikumsumbua kichwa, kwa sababu aliyeandika kwamba maji yamekauka alikuwa amejitaja mwenyewe kuwa hakununua. Alikuwa na jibu moja kwa wote: Nunua mchezo, maji yatarudi. Alilibandika, akalituma, akaenda kulala. Wengine walirudi kumtukana, wengine kumsihi, mmoja alimwapia kwa kaburi la mama yake. Aliwatumia jibu lilelile.

Ofisi ya uchapaji ilifungwa. Akauza skrini moja, kisha nyingine. Sauti akaondoka bila ugomvi. Sasa yeye mwenyewe alikuwa amepata kazi katika mji mwingine, ya kuandika programu za mashine za malipo za maduka makubwa, zile zinazolia tiii bidhaa ikipita. Mkataba ulisema kwamba kuanzia kesho chochote atakachoandika ni mali ya kampuni, na kwamba haruhusiwi kugusa kazi yake yoyote ya zamani.

"Hata ukiandika shairi?"

"Sikuuliza. Sina shairi." Alikata gundi kwa meno. "Leo bado ni wangu. Kesho hapana. Nitauacha ulivyo. Kuna kitu kimoja tu kilichobaki, hakuna aliyeiona bustani ya mwisho bure. Wachache walionunua wameiona. Hao na mimi. Hicho sikuibiwa."

Ilikuwa mara ya kwanza nasikia anataka kitu. Hata hicho alikitaka kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba asogezewe chumvi.

Mwenye flashi akaja kuaga. Tulimsikia kabla ya kumwona, flashi zinagongana shingoni kila ngazi anayopanda. Mtaani aliitwa Bwana Flashi, na biashara yake ilikuwa kukunakilia chochote unachotaka: filamu, nyimbo, mahubiri, michezo, ukiwemo wa jirani yake wa juu.

"Hodi wenyewe! Dada, nimekuletea zawadi ya safari." Akavua flashi moja shingoni na kumpa. "Mpya. Haina kitu ndani, naapa."

"Ya kwako ikose kitu?" Shangazi alikuwa amefika mlangoni. "Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu ndiye kikulacho, mgeni, mwangalie vizuri."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwizi."

"Mimi mwizi? Mimi ni msambazaji. Bila mimi nani mtaa huu angemjua dada?" Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lilikuwa gumu kulitazama. Akajiegemeza kwenye trei za mayai. "Dada, sikiliza. Unaondoka. Niachie jambo moja jema. Niondolee ule ukame. Kila wiki watu wananirudishia, wanadai nimewapa kibovu. Wanaupenda! Wanafika mpaka pale kwa bibi mwenye mbuzi, bustani ya tatu, halafu basi. Wanataka kumaliza. Nitawapa bure kabisa, sitatoza."

"Bure ya nani?" Shangazi akauliza.

"Bure ya… bure tu, mama. Bure ni bure."

Mtengenezaji hakuudhika. "Hapana," alisema. "Wakitaka kumaliza wanunue. Maji yatarudi."

"Yanarudi?" Shangazi alivua miwani. "Yanarudije? Mbona yangu hayajarudi?"

Mtengenezaji aliinua kichwa kutoka kwenye boksi.

"Yako yapi, shangazi?"

"Ya bustani. Yamekauka tangu mwaka jana. Lakini mimi silalamiki, nimeshazoea."

"Wewe ulinunua."

"Nilinunua siku ya kwanza! Nani alinunua kabla yangu? Ulinionyesha mwenyewe pa kubonyeza."

Tukaingia chumbani kwake wote wanne. Kompyuta yake ilikuwa kwenye meza ya kona, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kitu cha kupelekwa kwa wakwe. Alikifunua, akaiwasha, akaufungua mchezo. Mlima ulikuwa wa kahawia kutoka juu hadi chini. Kwenye bustani ya bibi mwenye mbuzi mifereji ilikuwa imepasuka. Yule mwanamke mdogo wa kwenye chemchemi alikuwa amesimama na ufunguo wake, mrefu kama yeye, na hakuna kilichosikika isipokuwa upepo.

"Kila jioni nakuja nakaa hapa," shangazi alisema. "Namzungusha. Anafungua hapa, anafunga pale. Hayatoki. Anamsalimia bibi, bibi anamjibu. Basi, nazima, nalala."

"Mwaka mzima?"

"Nikajua ndivyo ulivyotaka. Nikajua umemwandika kaka yangu." Alisema akimtazama yule wa kwenye skrini, si mpwa wake. "Walipofunga chanzo cha kilimani, idara ikamwambia akae nyumbani. Hakukaa. Alipanda na ufunguo, anazungusha vile vichwa vya mabomba, hamna hata tone ndani, anashuka. Wewe ulikuwa shuleni mbali. Nikasema, kumbe mtoto huyu alijua. Hatujawahi kuliongea, lakini alijua."

"Sikujua, shangazi," alisema mtengenezaji. "Huo ni mtego. Ni wa wezi."

Shangazi alikunja kitambaa chake mara mbili, halafu mara ya tatu.

Bwana Flashi ndiye aliyekohoa. "Ile kompyuta… diski yake niliibadilisha mimi, mama. Si ile siku umeme ulikatika ukarudi na kishindo? Nikakuhamishia vitu vyako vyote. Na gemu."

Sikuelewa, na mtengenezaji akanieleza bila kunigeukia, kama anayesoma maandishi ya mbali. Mtego huitambua kompyuta ya mnunuzi kwa vitu vyake vya ndani. Vikibadilishwa inakuwa kompyuta nyingine, na kompyuta nyingine ni ya mwizi. Walilifikiria hilo, yeye na Sauti, wakaona ni watu wachache watakaobadilisha.

"Wangapi hubadilisha diski?" alimuuliza Bwana Flashi.

"Kwa umeme huu? Dada, diski zinakufa hapa kama nzi. Mimi ndizo zinanilisha."

"Nimewaambia wanunue."

"Nani?"

"Walioniandikia. Wengine walikuwa wamenunua." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha shangazi. "Sijui ni nani kati yao. Niliwajibu wote sawa." Nilimtazama nikitarajia uso wake ufanye kitu. Haukufanya. Alikuwa anaipapasa ile flashi ya zawadi kwa kidole gumba, mbele na nyuma.

"Basi lishapatikana jawabu," alisema Bwana Flashi, mchangamfu tena. "Toa mtego. Waliolipa wapate maji yao."

"Akiutoa, na wewe utauza mzima," shangazi akamwambia.

Bwana Flashi aliniangalia mimi. "Siwezi kusema uongo mbele ya mgeni."

Ndipo nikauliza swali la mtu asiyejua kazi. Je, fundi hawezi kutega mtego mwingine, wenye akili zaidi, unaomjua mnunuzi hata akibadilisha kompyuta nzima?

"Anaweza. Kwa miezi," alisema. "Mimi nina mpaka gari lije."

Hakukuwa na njia ya tatu. Maji yakifunguliwa kwa aliyelipa yanafunguka kwa asiyelipa, na kabla ya giza yatakuwa yananing'inia kwenye shingo ya Bwana Flashi. Ile bustani ya mwisho, kitu pekee ambacho hakuibiwa, angeitoa kwa mkono wake. Akiiacha imefungwa, watu waliomlipa wataendelea kukaa mbele ya mlima wa kahawia, wengine wakiwa na jibu lake linalowaambia wakanunue.

Alirudi chumbani na kukata gundi ya boksi alilokuwa amelifunga asubuhi. Nilimsaidia kutoa kompyuta na kutafuta waya, ambao ulikuwa kwenye boksi la sufuria. Meza ilikwisha kuuzwa, kwa hiyo alikaa sakafuni, skrini juu ya boksi la vitabu. Bwana Flashi alitaka kuchungulia, shangazi akamvuta kwa zile flashi zake hadi ukumbini.

Nilidhani ningeona kazi. Niliona mtu anasoma, anasoma, anafuta mistari michache, anasoma tena. Kuujaribu ndiko kulikochukua muda. Aliupitisha mchezo kwenye bustani ya tatu akiwa ameuzima mlio, kisha ya nne, na maji yalikwenda, kijani kikifuata nyuma yake kama mtu anayekuja bila haraka. Hakuuangalia sana. Alikuwa anaangalia namba zilizokuwa zinakimbia pembeni.

Halafu akaandika tangazo la kwenda na toleo jipya. Alinisomea, si kwa kutaka maoni, nadhani kwa kusikia kama ni Kiswahili: "Kama maji yalikukaukia na ulikuwa umenunua, kosa lilikuwa langu na siyo lako. Mchezo haukuwa umeharibika. Pakua upya."

"Huongezi samahani?" nikauliza.

Akafikiri. Akaiongeza, akaitazama, akaifuta, akairudisha. Akatuma.

"Bwana Flashi," aliita, "panda au shuka, lakini usiniombe tena. Uko mtandaoni."

Uso wa Bwana Flashi ulijaa meno. "Mungu akuzidishie, dada! Mimi nitaweka jina lako juu kabisa. Herufi kubwa."

"Weka na la Sauti."

"Sauti nani kwani? Ana jina?"

Akamtajia, jina la kwanza hadi la babu, na Bwana Flashi akaliandika kiganjani kwa kalamu ya wino, taratibu, akirudia silabi. Alikuwa ameuza kazi ya mtu yule miaka yote hiyo na ndiyo kwanza anasikia anaitwa nani. Sidhani kama alilitambua hilo. Mtengenezaji alilitambua, lakini alikuwa amekwisha kuinama kukunja waya.

Gari lilipopiga honi, Bwana Flashi alibeba boksi zito kuliko yote na kukataa kusaidiwa. Mtengenezaji alisimama mlangoni pa shangazi yake. Shangazi alikuwa kwenye kompyuta, amempa mgongo. Toleo jipya lilikuwa limeshaingia, na spika ndogo za meza ile zilikuwa zinatoa mlio wa maji.

"Shangazi, naondoka."

"Nenda, mwanangu. Nisimame nikulilie? Nenda. Nimeshampita bibi mwenye mbuzi, ana maneno yule, sikujua kumbe ana maneno hivi, sasa imebaki bustani ya mwisho." Hakugeuka. Mkono wake mmoja uliinuka nyuma ya bega, ukakaa hapo hewani, na mpwa wake akaushika kwa muda, kisha akauachia.

Alipita chumbani kuchukua begi la mkononi. "Dirisha la kushoto usilifungue," aliniambia. "Likifunguka halirudi."

"Safari njema."

"Haya."

Nikasimama kwenye dirisha la kulia. Chini, Bwana Flashi alikuwa anabishana na dereva namna ya kulaza skrini. Yeye alitoka mlangoni, akaingia nyuma ya gari, akafunga mlango, mara ya kwanza haukushika, akaufunga tena. Nilikuwa nimemjua tangu asubuhi tu, na hata hivyo nilitaka atazame juu. Hakutazama. Gari likasogea nyuma, likageuka, likaingia barabarani.

"Yamefika!" shangazi alipiga kelele chumbani kwake. "Wewe mtoto, yamefika kwa yule mtukanaji! Njoo umwone! Ametoa ndoo, hasemi kitu, ametoa ndoo tu! Njoo!"

Gari lilikuwa limekwisha kukata kona. Nikaenda mimi.